Nusu Dakika Inayowatenganisha Waongozaji wa Beethoven

Kila anayepanga orodha ya rekodi bora za Simfoni ya Tano ya Beethoven huanzia pale pale: noti nne za mwanzo, tatu fupi na moja ndefu, ambazo hata asiyejua Beethoven ni nani anaweza kuziimba. Nani kazipiga kwa hasira, nani kazivuta, nani kakimbia nazo. Mimi huanzia kwingine. Nasogeza rekodi mbele hadi mwisho wa sehemu ya tatu, nasikiliza nusu dakika hivi, na hapo nishajua kama mwongozaji ana neno la kuniambia au ana okestra nzuri tu.

Nusu dakika yenyewe iko hivi. Sehemu ya tatu, yaani skerzo, ilianza kwa selo na besi kunyemelea kutoka chini na pembe kuitikia kwa ukali. Mwishoni inarudi ikiwa imenywea: nyuzi zinadonolewa kwa vidole, vyombo vya kupuliza vinatoa vipande vifupi vifupi, kila mtu ananong'ona. Halafu hata minong'ono hiyo inakwisha. Nyuzi zinashika sauti moja ndefu, ndogo kuliko zote zilizotangulia, na timpani, ngoma kubwa ya okestra, inaanza kugonga peke yake ule mdundo wa noti nne. Baada ya muda mdundo unafutika, yanabaki mapigo ya ngoma yaliyo sawasawa. Fidla za kwanza zinajaribu kupanda na kipande cha wimbo wa skerzo, zinashuka, zinapanda tena juu zaidi. Beethoven ameiandika hali hii kwa vipimo 50, yaani vipande 50 vidogo vya mapigo vilivyo sawa, na sauti hairuhusiwi kukua mpaka vile vichache vya mwisho. Ndipo, bila mtu kuvuta pumzi, sehemu ya nne inafunguka kwa C meja, ufunguo wenye sauti angavu, na tromboni tatu zinaingia kwa mara ya kwanza tangu simfoni ianze.

Naliita daraja. Na si mimi niliyeligundua. Simfoni ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, kwenye ukumbi wenye baridi, katika onyesho lililochukua takriban saa nne. Mwaka 1810 mwandishi wa Kijerumani E.T.A. Hoffmann alipoandika uhakiki wake maarufu, alisimama kwenye timpani hiyo hiyo. Alishangaa kwamba inang'ang'ania C hata pale okestra ikishahamia kwenye sauti zisizopatana nayo, na akaisikia kuwa ni sauti ngeni, ya kutisha, inayoamsha hofu ya mizimu. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye bado tunabishana kuhusu noti nne za mwanzo, ambazo kila okestra duniani inajua kuzipiga.

Kasi tuimalize mapema, maana imekula wino kuliko inavyostahili. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha kasi za metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwa simfoni zake nane za kwanza, na sehemu ya kwanza ya hii aliipa 108, yaani vipimo 108 kwa dakika. Ina vipimo 502. Ukirudia 124 vya mwanzo kama alivyoagiza, unapata 626. Piga hesabu: dakika sita kasoro, ukiacha zile noti zinazoshikiliwa. Arturo Toscanini na okestra yake ya NBC huko New York hakuwa mbali sana na hapo. Otto Klemperer na Philharmonia ya London, mwaka 1959, anapita dakika nane. Pierre Boulez, ambaye wengi walimtegemea awe mkali kama wembe, naye mwaka 1968 aliivuta mpaka watu wakashangaa. Lakini saa ya mkononi haikuambii nani kaielewa. Wimbo wetu wa taifa hapa Uganda, ule wa George Kakoma, ni mfupi kiasi kwamba mgeni anaweza kuukosa akifunga kifungo cha koti. Bendi ikiupiga mbele ya mkubwa na watoto wakiuimba gwarideni Jumatatu asubuhi, tofauti ya sekunde ni ndogo sana, ilhali tofauti ya uzito anaisikia kila mtu.

Na hizo noti zinazoshikiliwa, mtunzi Wagner alishazimaliza katika insha yake ya 1869 kuhusu uongozaji. Alimfufua Beethoven kaburini aje kuwagombeza waongozaji wanaozikatisha upesi. Tangu hapo kila mtu ana ruhusa ya kuzivuta atakavyo. Hadithi kwamba noti nne za mwanzo ni hatima inayobisha mlango nayo imetoka kwa Anton Schindler, katibu wa Beethoven aliyekuja kubainika kwamba alighushi maandishi kwenye madaftari ambayo watu walimwandikia bwana wake kiziwi mazungumzo yao. Mimi siijengei kitu juu yake.

Sasa njoo usikilize haya ukiwa Kampala.

Daraja limeandikwa kwa sauti ndogo mno, na C ya timpani iko chini. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Unachosikia ni fidla zinazoning'inia hewani, na ngoma, ambayo ndiyo roho ya mahali pale, haipo kabisa. Ukivaa spika za masikioni za bei ya soko la Owino, jenereta ya jirani inamalizia kazi. Mvua ikianza kwenye mabati, bora uache tu. Ndiyo maana nadhani wasikilizaji wengi wa hapa huwapenda waongozaji wanaoanza kwa kishindo: nyumbani kwao kishindo ndicho kinachofika. Sisemi kwamba masikio yetu ni mabovu. Nasema ubishi wa nani bora mara nyingi ni ubishi wa chumba ulichosikilizia.

Kuna dhambi nyingine, na hii si ya jenereta. Beethoven alikataza daraja lisikatike: sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kusimama. Lakini wachapishaji wa rekodi huigawa simfoni vipande vinne, na programu nyingi za simu zikifika mwisho wa kipande cha tatu huweka ukimya kidogo kabla ya kufungua cha nne. Kama hulipii, usishangae tangazo la bando likipenya hapo hapo: fidla zimepanda, sauti inaanza kufura, halafu mtu mchangamfu anakuuliza kama umeshajiunga. Tafuta rekodi ya simfoni nzima katika faili moja, au weka mpangilio wa kuondoa ukimya kati ya vipande kabla hujamhukumu mtu yeyote. Nimewahi kusoma hukumu kali dhidi ya waongozaji ambazo nina hakika zilistahili kupelekwa kwa aliyetengeneza programu.

Ukishayapanga hayo, anza na Wilhelm Furtwängler, kwa sababu ndiye anayelisumbua swali zaidi kuliko wote.

Kuna rekodi yake ya Juni 1943, na Berlin Philharmonic, katika ukumbi wao wa zamani ambao mabomu yaliuangusha Januari 1944. Vita vilipokwisha, kanda za redio za miaka ile zilichukuliwa na Wasovieti hadi Moscow, na dunia ikazijua baadaye sana. Weka hilo kando ya hili: kwa alfabeti ya Morse, fupi tatu na ndefu moja ni herufi V, na BBC ilikuwa ikiitumia kama ishara ya ushindi katika matangazo yake kwa Ulaya iliyotekwa. Aliyeirekodi ni James Blades, mpiga ngoma wa London, na chombo alichotumia ni ngoma ya Kiafrika. Kwa hiyo mdundo mmoja ulikuwa ukigongwa London kwenye ngoma yetu kuwaambia watu Hitler atashindwa, na wakati ule ule ulikuwa ukipigwa Berlin na okestra iliyokuwa chini ya wizara ya propaganda ya Goebbels.

Daraja la 1943 linatisha. Furtwängler hahesabu vipimo, anauacha mwendo ulegee, timpani inagonga kana kwamba kila pigo linaombewa ruhusa. Halafu C meja inapofunguka, inafunguka kwa nguvu ambayo sijaisikia kwa mwingine. Na hapo ndipo ninapokwama. Furaha hiyo ya nani? Muziki wenyewe haujibu, na wale wanaosema sanaa haina siasa wanakwepa swali ambalo rekodi yenyewe imelibeba.

Rekodi ya Mei 1947 ni ndugu yake. Tangu 1945 Furtwängler alikuwa amezuiwa kuongoza mpaka kesi yake ya uhusiano na utawala wa Nazi iishe. Aliporudi mbele ya okestra ile ile, ukumbi wao ukiwa kifusi, walipiga katika jumba la sinema lililoitwa Titania-Palast. Miaka minne tu, lakini daraja limebadilika. Mwendo bado unalegea, ila hofu sasa imechanganyika na kitu kama uchovu, na mwisho wa sehemu ya nne anaukimbiza mpaka okestra inakaribia kumponyoka. Hii ndiyo ya kwake ninayoirudia. Kanda ina mikwaruzo, watu wanakohoa, na hakuna ninachokosa.

Klemperer ni kinyume chake, katika maisha na katika daraja. Naye alikuwa Mjerumani, lakini Myahudi, na mwaka 1933 alilazimika kukimbia. Baadaye alipata uvimbe kwenye ubongo uliomwacha na ulemavu, na miaka ya uzeeni aliongoza akiwa ameketi. Rekodi yake ya 1959 ni nzito kweli kweli. Fidla za pili amezikalisha upande wa kulia, mkabala na za kwanza, kwa hiyo mazungumzo yao unayasikia kutoka pande mbili za chumba. Vyombo vya kupuliza vya mbao havifunikwi hata mahali pamoja. Anapofika kwenye daraja hafanyi lolote. Hapunguzi, haongezi, hatafuti mizimu ya Hoffmann. Noti zinafika moja moja, zinapita, na C meja inaingia kwa sababu zamu yake imefika. Mara ya kwanza unaona kwamba Mzee hajali. Baadaye unagundua kuwa huo ndio ushindi pekee kati ya hizi rekodi zote ambao hauombi kupigiwa makofi. Wengi wataniambia unachosha, na sehemu ya nne kwa mwendo ule, naam, inachosha kidogo.

Toscanini nampita upesi. Rekodi yake ya 1939 ilifanywa kwenye studio ya NBC iitwayo 8H, chumba kikavu kisicho na mwangwi, na daraja ndani yake linasikika mifupa mitupu: safi, sahihi, bila hewa. Ya 1952, kutoka Carnegie Hall, inapumua zaidi. Herbert von Karajan wa 1962 nampita upesi zaidi. Berlin Philharmonic yake ilikuwa na nyuzi nzuri kuliko zote za wakati ule, na tatizo la daraja lake ni hilo hilo: giza limepigwa msasa likang'aa.

Kisha Carlos Kleiber, na Vienna Philharmonic, 1974. Rekodi hii imesifiwa hadi imekuwa kero, na ningefurahi kumtafutia mwingine nafasi ya kwanza. Sijampata. Anachofanya darajani ni kitu kidogo ambacho wengine wote wanakiona ni hatari: haachi mapigo ya skerzo yafe. Nyuzi zimeshika sauti yao ndefu, hakuna kinachotokea, lakini timpani inagonga kwa mwendo ule ule uliokuwapo kabla, kwa hiyo mwili wako bado unahesabu. Furtwängler anasimamisha wakati. Kleiber anakuacha ndani yake huku akikunyima kila kitu kingine. Fidla zinapanda bila kubembelezwa. Sauti anaifurisha mwishoni kabisa, palepale Beethoven alipoandika, na kwa kuwa nafasi ni finyu okestra inalazimika kupanda ghafla. Ukitaka kujua alijifunzia wapi, sikiliza rekodi ya baba yake, Erich Kleiber, na Concertgebouw ya Amsterdam, 1953. Ukaidi ule ule, ila mtoto ana moto zaidi.

John Eliot Gardiner, mwaka 1994, aliileta na vyombo vya aina ya enzi za Beethoven: nyuzi za utumbo, pembe zisizo na vali, timpani zinazogongwa kwa vijiti vigumu. Yeye anaisikia simfoni hii kupitia nyimbo za Mapinduzi ya Ufaransa. Katika mabishano ya Kampala ana faida moja ambayo wakosoaji wa London hawana sababu ya kuifikiria: vijiti vile vigumu vinatoa mlio mkavu, wenye ncha, na ncha hiyo inapenya hata kwenye spika duni. Kwa mtu mwenye simu tu, daraja la Gardiner ndilo pekee lenye ngoma. Teodor Currentzis, aliyetoa yake 2020 na MusicAeterna, yuko upande wa pili kabisa. Sauti zake ndogo ni ndogo mno. Mtaani kwangu haiwezekani kumsikiliza kabla ya saa saba za usiku, baa ikishafungwa. Nimesikiliza saa hiyo, na nasema wazi kwamba nilisikia werevu mwingi kuliko hofu.

Kuna kigezo kimoja ambacho wakosoaji wa Ulaya hawakitilii mkazo na ambacho sisi tunakijua vizuri: shaba, yaani vyombo vya kupuliza vya shaba. Nchi hii imejaa bendi za matarumbeta, polisi, jeshi, mashule, harusi, mazishi. Sisi tuliokulia kambi za polisi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani na bombani, tulilala na kuamka na mazoezi yao. Jirani yetu mmoja, mpiga tromboni, nilimwekea simfoni hii ya Kleiber. Sehemu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mikono kaifunga kifuani.

"Mwanangu, watu wangu wako wapi?"

"Subiri kidogo, afande."

"Nasubiri nini? Midomo yao imeshapoa."

Lilikuwa neno la fundi. Wapiga tromboni wa simfoni hii hukaa kimya zaidi ya dakika ishirini, kisha wanatakiwa kuingia kwa nguvu kamili, wa kwanza akiwa kwenye noti za juu, bila kupasha midomo. Beethoven hakuwa amezitumia tromboni katika simfoni zake nne za kwanza, na alijua anachofanya. Mwaka 1808 alimwandikia Count Oppersdorff, mmoja wa wafadhili wake, kwamba tromboni tatu na filimbi ndogo za sehemu ya mwisho zitapiga kelele kuliko timpani sita, tena kelele bora. C meja ilipofunguka afande akainuka kitini. Hakusema kitu kuhusu Beethoven. Alisema yule wa kwanza kaingia safi, akataka arudishiwe pale. Nikamrudishia, na akasikiliza tena kuanzia kwenye daraja, safari hii akihesabu kwa kidole, kama wanavyohesabu wao wakiwa kimya.

Tangu hapo nausikiliza mlango wa sehemu ya nne kwa masikio yake. Shaba ya Vienna kwa Kleiber ina makali yanayokaribia utovu wa adabu, na hapo ndipo inapopatia. Kwa Karajan tromboni zinaingia zikiwa zimeshanyoshwa nguo. Kwa Furtwängler wa 1947 kuna anayeteleza, na hakuna anayejali.

Limebaki jambo moja ambalo linanigombanisha na Kleiber mwenyewe. Beethoven ameagiza mwanzo wa sehemu ya nne urudiwe. Kleiber anarudia; Furtwängler harudii, na kwa muda mrefu waongozaji wengi hawakurudia. Siku hizi kurudia kumekuwa kama sheria, na asiyerudia huonekana mvivu. Lakini fikiri kinachotokea. Mara ya kwanza mlipuko wa C meja unatoka darajani, umelipiwa. Mara ya pili unatoka katikati ya furaha, hakuna giza nyuma yake, na tromboni zinaingia kwa sababu tu ukurasa umerudishwa. Ni kelele ile ile bila deni.

Wanaomtetea Kleiber wana jibu zuri, na nalikubali nusu. Wanasema, karibu na katikati ya sehemu ya nne Beethoven anarudisha skerzo, ule mnong'ono, mdundo wa noti nne, kwa muda mfupi tu, kisha C meja inafunguka upya. Ukiwa umerudia mwanzo, furaha imekuwa ndefu kiasi cha kusahau, na hofu inaporudi inakukuta umeshatulia. Asiyerudia anaileta mapema mno, hujapata hata muda wa kuamini kuwa umeokoka. Kwa Kleiber hoja hiyo inasimama, maana skerzo inaporudi inakuwa na mapigo yale yale ya darajani na mwili unaikumbuka kabla ya akili. Kwa Klemperer haisimami. Furaha yake ni nzito tangu mwanzo na hakuna cha kusahau, kwa hiyo marudio yanabaki dakika zaidi. Kwa Gardiner inapita haraka hivi kwamba swali halijitokezi. Kwa hiyo nikiwa na saa nzima na umeme upo, namsikiliza Kleiber na marudio yake. Nikiwa na simfoni moja tu ya kusikiliza kabla betri haijaisha, naiweka ile ya 1947.